Sauti Kutoka Juu ya Nguzo

Kila asubuhi Digna alifanya mambo yaleyale. Alitundika sweta lake nyuma ya mlango wa chumba cha simu pale Posta, akamwamkia Bwana Ebenezeri, msimamizi wao, akafuta hedifoni kwa leso, akakaa kwenye kiti cha mwisho karibu na dirisha, kisha akaanza kuchomeka na kuchomoa waya. "Moshi, namba tafadhali." Basi. Hayo ndiyo maneno aliyoyasema kutwa nzima, na yalimtosha. Alikuwa msichana mwenye haya, wa kwenda na nyanya zilizopondeka mpaka nyumbani kwa sababu ameona aibu kumwambia mwuzaji ambadilishie. Lakini mbele ya bodi ya simu hakuna aliyemwona, na sauti yake ilisafiri hadi Dar es Salaam yeye akiwa ameinamisha uso.

Asubuhi hiyo, katikati ya mwaka wa sabini na tatu, taa ya laini ya Tarakea iliwaka hata leso hajaiweka chini.

"Moshi, namba tafadhali."

"Sitaki namba."

"Unataka nani basi?"

"Nataka kujua kama mlima umefunguka huko kwenu. Mimi hapa nauona wote, tangu kiunoni hadi utosini. Theluji imekaa vizuri kama kitambaa cha mezani siku ya harusi. Hebu chungulia dirishani."

"Samahani, ndugu, hii ni laini ya serikali."

"Najua. Ndiyo maana serikali imenipandisha kwenye nguzo niitengeneze. Umechungulia?"

Digna aligeuza macho kidogo, kama mtu anayeiba. Juu ya mabati ya mji palikuwa na wingu zito tupu.

"Huku kuna wingu," akanong'ona.

"Pole. Basi leo nitakuangalizia mimi. Nani mwenzangu?"

Digna alichomoa waya. Kwenye kiti cha pili, Anyesi, mwenzake wa Kibosho asiyepitwa na jambo, alishageuza shingo.

"Mbona umeiva masikio, dada? Nani huyo?"

"Fundi laini. Anajaribu simu."

"Anajaribu simu au anakujaribu wewe?"

Huyo alikuwa Emilian. Mpaka leo, wakikaa pamoja waliomfahamu, hawaanzi na kufa kwake. Huanza na kelele zake, na vicheko vyake, na mambo yake ya kutaka kuona upande wa pili wa kila kitu. Nasi tumeanza hapo.

Basi ikawa kila nguzo iliyoanguka kati ya Bomang'ombe na mpaka wa Kenya, Digna aliijua. Emilian alipanda na viatu vyake vya chuma, akajifunga mkanda, akaning'iniza simu yake ya kujaribia, akapiga Moshi. Na kila mara alikuwa na habari. "Nipo Himo, kuna mama amebeba mkungu kichwani na mtoto mgongoni, na anafuma sweta. Anafuma huku anatembea, Moshi!" Au: "Hapa Mabogini mpunga umeiva. Ukiwa juu unaona upepo unavyopita, kama mtu anapapasa paka." Jina lake hakulijua, kwa hiyo alimwita Moshi. Digna naye hakumsahihisha. Lilikuwa jina la mji mzima, na yeye alijisikia kupewa mji.

Walikutana stendi ya mabasi, Jumamosi ya mwisho wa mwezi, watu wakiwa wamejaa kama siafu. Digna alikuwa anakwenda Arusha Chini kwa wazazi wake. Baba yake, Mzee Januari, alitoka Kasulu zamani kuja kukata miwa, akaoa, akazaa, akazeekea kwenye nyumba za kampuni. Siku hiyo Digna alivaa gauni la kitenge cha njano na viatu vya raizoni alivyoazima kwa Anyesi, virefu mno, akawa anatembea kama korongo kwenye matope.

"Kondakta, hili linafika Arusha Chini?" aliuliza, kwa sauti ambayo hata kondakta mwenyewe hakuisikia.

Lakini kuna mtu aliisikia. Ng'ambo ya mabasi matatu, kati ya wauza mayai ya kuchemsha na wapiga debe, kijana mmoja aliganda na muwa mdomoni.

"Moshi!" alipiga ukelele. "Moshi, simama hapohapo!"

Watu walicheka. Nani anauita mji usimame? Kijana alikuja mbio, akiruka mizigo ya watu. Alikuwa mwembamba, mweusi wa kung'aa, nywele zimefumuka kama kichaka, kitana kimechomekwa ndani yake. Alivaa shati la maua na suruali ya bugaluu pana iliyofagia vumbi lote la stendi.

"Ni wewe," alisema akihema. "Useme usiseme, ni wewe. Hebu sema 'namba tafadhali.'"

Digna aliangalia viatu vyake. "Watu wanatutazama."

"Waache watazame, wamelipa? Sema."

"Namba tafadhali," alisema Digna kwa kidevu kilichozama kifuani.

Emilian aliruka juu, akapiga mikono. Kisha akatulia ghafla, akawa na adabu. "Naitwa Emilian. Kwetu Rombo. Nilidhani una miaka hamsini na miwani, nikasema si kitu, nitampenda hivyo hivyo."

Basi liliondoka bila Digna. Aliondoka na la mwisho, baada ya soda mbili na mahindi ya kuchoma, na njia nzima alikuwa anatabasamia miwa.

Walipendana kama watu wawili wasiofanana wanavyopendana, kila mmoja akimshangaa mwenzake. Emilian hakuweza kuona ukuta bila kutaka kuupanda. Alimpeleka Digna Ziwa Chala, lile la ndani ya shimo, ambamo watu wa kwao hawaogi kwa kuogopa mamba na mizimu; akavua shati, akajitupa majini, akaogelea hadi katikati, akalala chali na kupunga mkono. Digna alibaki ukingoni amejishika kichwa, anasali Salamu Maria bila kumaliza hata moja.

"Umeona?" Emilian alisema alipotoka, anatetemeka. "Mamba hayupo."

"Na kama angekuwepo?"

"Ningekuja kukuambia kwamba yupo."

Kusema "nakupenda" kwake ilikuwa kama kusema habari za asubuhi. Alilisema juu ya nguzo, akalisema mbele ya mwuza mishkaki. Digna alikuwa anajibu, "Nimesikia."

"Kusikia si jibu, mpenzi."

"Najua."

"Basi jibu."

"Nitajibu." Na neno lilimfika kooni likakaa hapo, kama tonge la ugali mkavu. Hakulelewa katika nyumba ya maneno hayo. Mama yake alimpenda baba yake miaka yote kwa kumwekea maji ya moto ya kuogea, na hakuna aliyewahi kulitaja.

Sasa sikiliza walivyokosana.

Emilian aliahidi kufika Arusha Chini siku ya Mwaka Mpya, ajitambulishe kwa wazee. Mzee Januari alichinja jogoo. Mama alitandika kitambaa cha kufuma. Digna alivaa gauni jeupe la vifungo vya bluu, akakaa kwenye kigoda mlangoni tangu Misa ilipotoka. Jogoo alipoa. Majirani walipita, wakachungulia, wakapita tena. Giza lilipoingia Mzee Januari alisema tu, "Tule, chakula hakina kosa." Digna hakula.

Emilian alitokea baada ya siku kadhaa, midomo imepasuka kwa baridi. Mpagazi mmoja, rafiki yake, aliugua mkesha wa kupanda mlima na wageni; Emilian akabeba mzigo badala yake, akidhani atashuka upesi, akanogewa akafika kileleni. Alipiga simu kutoka Marangu.

"Moshi wangu! Nimesimama juu kabisa! Nimekuona!"

"Namba tafadhali."

"Digna, ni mimi."

"Namba tafadhali, ndugu."

"Nimekosa. Nimekosa sana. Mzee alikasirika?"

Digna alichomoa waya. Wiki hiyo alimjibu hivyo kila alipopiga, kwa sauti safi ya kazi, hata Bwana Ebenezeri akamsifu mbele ya wenzake kwa nidhamu.

Emilian akaona hapa maneno yake yameisha thamani. Akafanya kama wanavyofanya kwao. Alimtuma dada yake mkubwa, Dominika, toka Rombo.

Dominika alikuwa mwanamke mrefu, mkavu wa maneno, amejifunga khanga mbili mpya zenye bado mikunjo ya dukani. Alimkuta Digna uani, Majengo, kwenye nyumba ya Bibi Margareta alikopanga chumba. Alitua mkungu wa ndizi. Kisha akatoa jani moja refu la kijani, limefungwa fundo katikati, akamkabidhi kwa mikono miwili.

"Emilian amenituma nikuletee hili."

"Asante sana, dada. Karibu, kaa, nikuwekee chai."

Digna alipokea. Akadhani ni jani la kufungia ndizi. Akaliweka juu ya jiwe, akaingia ndani kuwasha jiko. Alipotoka na vikombe, mbuzi wa Bibi Margareta alikuwa amenyoosha kamba yake mpaka mwisho, na nusu ya jani ilikuwa mdomoni.

Dominika alikuwa amesimama, uso umemkauka.

Digna, kwa haya zake za kutaka kumfurahisha mgeni, akacheka. "Mwache ale, maskini. Leo hajapata majani."

Dominika hakugusa chai. Aliokota kikapu chake, akasema, "Nimeona. Nitafikisha," akatoka.

Kesho yake Digna alimsimulia Anyesi huku wakila maandazi. Anyesi aliacha kutafuna.

"Jani refu? Lina fundo?"

"Eeh."

"Mama yangu mzazi! Digna! Umelisha mbuzi isale?"

"Isale ndiyo nini?"

"Ndiyo nini? Watu wa miwa ninyi!" Anyesi alishika kichwa. "Kwetu mtu akikukosea, hata kama amekuulia ng'ombe, akikuletea isale unasamehe. Hata adui. Hakuna jani lingine juu ya hilo. Ukilikataa, umemwambia ugomvi wetu tutaumalizia mbele ya Mungu. Sasa wewe hukulikataa tu. Umempa mbuzi! Na ukacheka!"

Digna aliweka andazi chini. Kweli, Emilian hakupiga tena. Laini ya Tarakea ilipojaribiwa, fundi mwingine alisema "hapa sawa" kwa sauti ya mafua, akakata.

Alilia usiku mmoja tu. Siku ya pili alimwambia Anyesi, "Nipatie hayo majani." Anyesi alikwenda kwao Kibosho akarudi nayo, na Digna, ambaye hakuweza kubadilisha nyanya mbovu, aliomba ruhusa, akapanda basi la kwenda Bomang'ombe, ambako mafundi walikuwa wanasimamisha nguzo mpya kandokando ya barabara ya Arusha.

Ilikuwa siku ya soko. Emilian alikuwa juu, mgongo kawapa watu, anakaza nyaya. Digna alisimama chini ya nguzo. Alifungua mdomo amwite, sauti haikutoka. Kwa hiyo aliinua mikono yote miwili juu ya kichwa, na mikononi mlikuwa na mzigo mzima wa masale, kichaka kizima, kama anayekwenda kuezeka.

Mama wa ndizi wa kwanza kumwona alimgusa mwenzake. Yule akamgusa mwingine. Soko likanyamaza kipande kwa kipande mpaka Emilian akageuka kuona kuna nini.

Aliegemea mkanda, akauangalia mzigo.

"Unauza?" akauliza kutoka juu.

"Siuzi."

"Basi umekosana na tarafa nzima?"

"Na wewe tu."

"Mimi nilileta langu. Nasikia mbuzi amelisifu."

"Sikujua ni kitu gani, Emilian!" Digna alijikuta anasema kwa nguvu. "Kwetu halipo! Nilidhani ni la kufungia ndizi!"

Emilian alimwangalia. Mdomo ukaanza kumcheza. Kisha akacheka, akacheka hata mkanda ukawa unagonga nguzo, na akina mama wa soko wakacheka bila kujua wanacheka nini. Alishuka, akachomoa jani moja katika mzigo, akalipokea kwa mikono miwili.

"Moja linatosha, mpenzi. Haya mengine tutapandia mpaka wa kihamba, shamba letu la migomba."

"Niliona kosa ni kubwa."

"Kosa langu ndilo la kwanza. Jumapili nakwenda kwa Mzee Januari. Na jogoo nakuja naye mwenyewe."

Na alikwenda. Mzee Januari alimwacha asimame mlangoni kwa kitambo, kisha akasema, "Wewe ndiye unayepanda nguzo? Ingia, paa langu linavuja." Wakamalizia hapo.

"Sasa zamu ya kwetu," Emilian alimwambia Digna walipokuwa wanasindikizana. "Masika yakiisha nitakupeleka kwa mama. Lakini usimwambie mtu. Dominika amewatangazia wote kwamba kuna msichana wa miwa kalisha mbuzi isale langu. Mwache anune. Nataka nione uso wake siku utakapoingia jikoni kwa mama umejifunga khanga."

"Si vizuri, Emilian. Waambie."

"Masika ni mafupi. Sema basi lile neno."

"Lipi?"

"Unalijua."

Digna alimkazia macho, midomo ikafunguka. Pikipiki ikapita. "Siku nyingine," akasema, na Emilian akambusu paji la uso, akasema haya, hata kahawa haiivi kwa kupigiwa kelele.

Masika ya sabini na nne yalikuja kwa hasira. Kule Rombo korongo moja lilijaa, likang'oa nguzo, na zahanati ya ng'ambo ikabaki bila simu. Mafundi wengine walisema wangoje maji yapungue. Emilian alijifunga kamba kiunoni, akavuka na waya begani.

Alasiri taa iliwaka.

"Moshi!"

"Nakusikia! Uko wapi?"

"Ng'ambo. Nimelowa kama chura, lakini laini imefufuka. Sikiliza, kuna mama hapa ana uchungu tangu jana, sista anataka gari la hospitali. Muunganishe kwanza, halafu unirudie."

Digna aliunganisha. Gari liliahidiwa. Alirudi kwenye laini kwa fahari.

"Tayari."

"Unaona? Bila sisi wawili huyo mtoto angepata shida. Sasa sema, Moshi wangu. Nimevuka mto mzima. Leo ni haki yangu."

Bwana Ebenezeri alikuwa amesimama nyuma ya kiti chake. Anyesi alikuwa ameinamisha sikio. Taa tatu nyingine zilikuwa zinawaka.

"Laini ina kazi," Digna alisema polepole.

Emilian alicheka, kicheko kilekile. "Haya, ndugu opereta. Kazi njema."

Kesho yake asubuhi, akirudi, alimkuta mzee mmoja na ng'ombe wake wamekwama kwenye kisiwa cha mawe katikati ya korongo, maji yanapanda. Wenzake walimshika mkono; akawaambia anarudi sasa hivi. Alimtoa mzee. Akamtoa ng'ombe. Gogo lilimkuta yeye akiwa wa mwisho.

Simu ya habari hiyo ilipita kwenye bodi ya Digna. Kituo cha polisi Tarakea kiliomba ofisi ya mafundi, Moshi. Digna alichomeka waya, akasema, "Ongeeni," na mkono ukashindwa kutoka kwenye swichi, kwa hiyo alisikia yote. Alivua hedifoni, akaiweka mezani kama mtu anavyoweka yai. Anyesi alipomshika mabega alikuwa baridi.

Kwenye mazishi alikwenda na lori la watu wa Posta, akakaa na watu wa Posta, akalia kama watu wa Posta. Dominika alimwona. Alimwinamia mama yake, akasema neno sikioni, na Mama Veronika aliinua macho yake mekundu, akamtazama Digna mara moja tu, akayaondoa. Digna alielewa. Katika nyumba hii yote wanaamini kwamba kijana wao alikufa amekataliwa. Na mtu pekee ambaye angewaambia si kweli alikuwa kaburini, chini ya migomba, na siri yake ya mzaha.

Mwaka mzima alilibeba hilo. Mara aliamua aende, mara akaogopa. Ataanzaje? Ataingia ua wa watu akiwa nani? Anyesi alimwambia, "Wewe mjane usiye na cheti. Nenda useme, au nyamaza yaishe." Mwisho, ilipotangazwa Misa ya kumbukumbu, Digna alivaa gauni lake jeupe la vifungo vya bluu, akajifunga kitambaa cheusi kichwani, na Anyesi akamsindikiza asitoroke.

Baada ya Misa watu walishuka kihambani. Jua lilikuwa linapenya migomba vipande vipande, kahawa imechanua, hewa inanukia maua na ndizi za machalari jikoni. Na kule Rombo hawakumlilia Emilian siku hiyo, walimsimulia. Padri Antoni alieleza jinsi Emilian, akiwa mtoto, alivyopanda mnara wa kanisa usiku wa Uhuru ili auone Mwenge kileleni, akakwama, ikabidi ateremshwe kwa kamba ya kengele. "Kengele ikalia saa nane za usiku," alisema padri, "watu wa Useri wakaja mbio wanadhani Wakoloni wamerudi!" Watu walicheka hata wakajifuta macho. Yule mzee wa ng'ombe alikuwepo pia. Alisema ndama aliyezaliwa amempa jina la Emilian, na kwamba hakai zizini hata kidogo. Watu wakacheka tena.

Digna alicheka nao, amesimama kati ya mikahawa. Alikuwa na hadithi nyingi kuliko wote. Alikuwa na mama anayefuma njiani, na upepo wa Mabogini, na Chala. Hakutoa hata moja.

Kisha mbege, pombe ya ndizi, ikaletwa. Kwao mbege haigawiwi ovyo. Kila mtu hupata kata yake mahali pake: wazee wa ukoo kwanza, wajomba, wakwe kwenye viti vya karibu na mlango, marafiki kwenye magogo, wafanyakazi wenzake chini ya banda. Baba mdogo wa Emilian, Mzee Wenseslaus, ndiye aliyegawa. Alifika kwa Digna na kata mkononi, akamtazama kwa upole.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, binti. Hujakaa. Wewe ni wa upande upi, nikuweke?"

Digna aliangalia banda, kisha viti vya wakwe.

"Wa Posta huyo," Dominika alisema kutoka mlangoni. Sauti yake ilikata vicheko. "Wa chini ya banda. Ndiye aliyempa mbuzi isale la Emilian."

Mtoto aliuliza mbuzi gani, akazibwa mdomo.

Anyesi alijitokeza haraka. "Mama, shikamoo. Naomba nimsemee. Huyu mwenzangu—"

"Sikukuuliza wewe, mwanangu," alisema Mama Veronika. Aliinuka polepole, mwanamke mdogo aliyevaa nyeusi, akaja mpaka mbele ya Digna, akamwangalia tangu kitambaa hadi viatu. "Mwanangu alitengeneza simu ili watu waseme. Wewe mwaka mzima umenyamaza, na leo umesimama kwenye kahawa. Una mdomo?"

"Ninao, mama."

"Ulilitupa isale lake?"

"Mbuzi alilila, mama. Sikulijua. Kwetu ni Arusha Chini, baba yangu ametoka Kasulu, huko hakuna desturi hiyo. Nilipoambiwa nilitafuta mengine, nikampelekea Bomang'ombe, mbele ya soko zima. Alinicheka sana. Akapokea moja, akasema mengine tutapandia mpaka."

Dominika alishika mwimo wa mlango. "Mbona hakuniambia?"

"Alitaka uendelee kununa, dada. Alisema anataka auone uso wako siku nitakayoingia jikoni nimejifunga khanga."

Mahali fulani nyuma mtu alitoa sauti, nusu kicheko nusu kilio. Dominika alifunika uso kwa mikono, mabega yakaanza kumtikisika. "Ni yeye," alisema kwenye viganja. "Huyo ni yeye kabisa. Mwovu yule!"

Mama Veronika hakucheka. "Kwa hiyo hakufa na kinyongo."

"Hakuwa nacho, mama. Alikuwa anakuja kunileta kwako."

"Kukuleta kama nani?"

Mzee Wenseslaus alikuwa bado ameshika kata, mbege inamwagika kidogo kidogo juu ya kiatu chake. Watu wa Posta walikuwa wamesimama wote chini ya banda. Digna alitaka kuangalia viatu vyake. Hakuangalia.

"Kama mchumba wake," alisema.

"Sema kwa nguvu," alisema Mama Veronika, na sasa alikuwa amemshika mikono yote miwili. "Baba zake wakubwa wamezeeka, hawasikii. Sema na kule chini ya migomba pasikike."

Digna alivuta pumzi mpaka kifua kikauma, akainua uso mbele ya ukoo mzima, na sauti iliyotoka ilikuwa kubwa kuliko alivyoifahamu yeye mwenyewe.

"Nampenda! Nampenda Emilian! Aliniuliza mara nyingi nikaona haya, na sasa namjibu: nampenda!"